Hajachomwa?

Barua ya chuo ilipofika Burnsville, Imaculata Komba aliisoma palepale chini kwenye visanduku vya posta, kisha akapanda ngazi mbiombio akaisoma tena kwa sauti, ili Brigitha naye asikie upuuzi uliomo.

"Eti nimetoa taarifa isiyo ya kweli kuhusu mgonjwa! Mimi! Dada Brigitha, unasikia? Isiyo ya kweli!"

Brigitha alikuwa binti wa mama yake mkubwa. Alimtangulia kuja Marekani kwa miaka sita, alifanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Inver Grove Heights, na ndiye aliyempokea Imaculata na kumpa nusu ya chumba chake. Alizima pasi, akaweka sare yake kando.

"Achana na huko mwanzo," alisema. "Soma mwisho."

Mwisho ulisema kwamba Jumatano ya tarehe 28 Agosti 1996, saa tatu asubuhi, jopo la watu watatu lingekutana chuoni Saint Paul kuamua kama Imaculata aendelee na masomo ya uuguzi au aondolewe. Na mtu aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi akiondolewa chuo, viza nayo imekwisha, hilo halina mjadala. Anafungasha, anarudi Mbinga, anakwenda kumweleza mama aliyekwisha kuitangazia jumuiya nzima kwamba mwanangu anarudi nesi kamili. Anamwelezaje? Kwamba amefukuzwa kwa neno moja?

Maana ilikuwa ni neno moja. Sasa tulieni mwelezwe ilivyokuwa, kwa sababu kisa hiki kimesimuliwa vibaya na watu ambao hawakuwepo, na aliyekuwepo akakisimulia vibaya kuliko wote.

Chuo kile kilitaka kila mwanafunzi wa mwaka wa pili aende field, mafunzo ya vitendo, wiki kumi za kiangazi. Wenzake walipangiwa hospitali za Minneapolis. Wawili walipewa Maple Grove, karibu na maduka, wakashangilia. Imaculata akapangiwa Pine Narrows, kimji kilichoko mwendo wa saa tano kwa gari kuelekea kaskazini, pua na mdomo na Kanada. Hakuna mwingine aliyekitaka. Mama aliyepanga majina alimwambia huku anatabasamu, "Wewe utapaweza, umezoea mahali pasipo na vifaa."  Mtu aliyezaliwa kwenye wodi yenye vifaa na masista wakali kuliko mama huyo, leo anaambiwa amezoea! Lakini Imaculata akafungasha.

Alipelekwa na Wanjohi, Mkenya wa Nyeri aliyesoma uhandisi na kuimba naye kwaya moja. Gari lake lilikuwa Corolla kuukuu ambalo mlango wa nyuma ulifungwa kwa kamba. Walipita Duluth, wakaingia kwenye misitu, misitu ikaendelea mpaka Wanjohi akachoka kuitazama.

"Sista, huku ni wapi unapelekwa?" alisema. "Hata redio ime-give up."

Zahanati ya Pine Narrows ilikuwa nyumba ya mbao iliyowahi kuwa duka la nyavu na ndoana. Ilikuwa na vyumba viwili vya wagonjwa, jokofu moja la dawa, na veranda yenye mbu wa kutosha kumbeba mtoto. Daktari Alfred, mzee mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alifika asubuhi tatu kwa wiki kabla ya kwenda mji wa pili. Siku zote nyingine zahanati ilikuwa mikononi mwa nesi mmoja, Lois, aliyekuwa pale mwaka wa ishirini na mbili sasa.

Na haki isemwe. Lois alimpokea vizuri. Alimpa chumba juu ya gereji yake, akampa blanketi alilolishona mwenyewe, akamwonyesha namna ya kulala kwenye nchi ambayo jua linazama saa tatu usiku. Siku ya kwanza kazini alimsimamisha mbele ya droo ya chini ya jokofu, akatoa daftari kubwa lenye jalada la kijani, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani juu yake. Ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nyekundu, herufi kubwa: SOMA DAFTARI KABLA YA SINDANO.

"Nimeiandika mimi," alisema Lois. "Hapa hatuamini kinywa cha mtu, hata changu. Tunaamini daftari."

Imaculata akampenda kwa maneno yale. Akajisemea, huyu ni nesi.

Mgonjwa wao wa kila siku alikuwa Rodney, mzee wa miaka sabini na kitu aliyekata magogo maisha yake yote. Alikuwa na kisukari, na macho yake hayakuona tena mistari midogo ya bomba la sindano, basi kila asubuhi alikuja kuchomwa insulini, akanywa kahawa yake isiyo na sukari, akakaa kwenye kiti cha dirishani akingoja posta ifunguliwe. Wote pale walimwita Rodney, hata watoto. Imaculata ulimi ulimgoma. Alimwita Mister Rodney, na mzee akafurahi mpaka akaanza kuja na shati lililopigwa pasi.

Huyu mzee ndiye aliyeligundua lile jambo. Wiki ya kwanza tu, alichungulia jikoni akauliza kwa Kiingereza chao, "Hakuna kahawa iliyobaki?"

"Yes," alijibu Imaculata, maana birika lilikuwa tupu kabisa.

Mzee akanyoosha kikombe. Imaculata akamtazama, mzee naye akamtazama.

"Si umesema yes?"

"Nimesema yes. Haipo."

Sisi hapa hatuhitaji kuelezwa. Ukiniuliza "hujala?" nami sijala, nitakujibu ndiyo, kwa sababu umesema kweli. Kama nimeshiba nitakujibu hapana, kwa sababu umekosea. Tunamjibu mtu na lile alilolisema. Wale wenzetu hawamjibu mtu, wanajibu tumbo: halina kitu, no, lina kitu, yes, hata uulize namna gani. Imaculata alikuwa amefundishwa Kiingereza tangu shule ya msingi, alipata daraja la juu kidato cha sita, angeweza kukuchambulia sentensi mpaka ibaki mifupa, lakini hakuna mwalimu aliyewahi kumwambia jambo hili, kwa sababu walimu wake nao walijibu vilevile.

Mzee Rodney alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwita Lois, Lois naye akacheka. Kuanzia siku ile ukawa ndio mchezo wa zahanati. "Huna njaa, Imaculata?" "No." "Haya, mpeni mkate, ana njaa!" Wagonjwa wageni walipokuja, Lois ndiye aliyewatafsiria akiwa chumba cha pili, bila hata kuinua kichwa: "Amesema yes, anamaanisha haipo." Kiangazi kizima alimtafsiria hivyo. Hilo mliweke akilini.

Imaculata alijitahidi. Alijizoeza mbele ya kioo kule juu ya gereji kujibu tumbo. Akiwa ametulia aliweza. Akiwa na haraka, lugha ya nyumbani ilimtangulia mlangoni.

Sasa ikaja Alhamisi ya tarehe 18 Julai. Daktari Alfred alifika mapema kuliko kawaida, akamkuta Rodney kwenye veranda, akaona hakuna haja ya kumngojesha mzee. Akamchoma insulini yake mwenyewe kwa mkono wake, saa mbili kasoro dakika ishirini, akamwambia Imaculata aandike. Imaculata akaandika daftarini: saa, uniti ngapi, jina la daktari, na mwisho herufi mbili za jina lake. Daktari akaondoka kwenda mji wa pili. Rodney akaenda kula kifungua kinywa, akarudi, akakaa kwenye kiti chake cha dirishani.

Lois alichelewa. Dubu alikuwa ameingia kwenye pipa lake la taka, na ilibidi apige sufuria nusu saa nzima mpaka mnyama aondoke. Alipofika alimkuta Imaculata kwenye chumba cha kwanza amemkumbatia mtoto wa miaka mitatu, mtoto wa mama mmoja aitwaye Stacy, ndoana ya samaki imemnasa sikioni, na anapiga yowe la kupasua mbao. Lois aliingiza kichwa mlangoni.

"Rodney hajachomwa?"

"No!" alisema Imaculata, na kichwa akakitikisa. Akafungua mdomo aongeze kwamba daktari ameshamchoma, na hapohapo mtoto akampiga teke la kidevu, akajiuma ulimi. Alipouinua uso, Lois hakuwepo.

Hebu niambieni nyinyi. Umeulizwa "hajachomwa?" na mtu amechomwa. Unajibuje? Unajibu hapana! Kuna jibu gani jingine?

Lois alifungua jokofu, akavuta insulini, akasimama mbele ya karatasi yake mwenyewe yenye wino mwekundu, na droo hakuifungua. Rodney alipandisha shati bila kuuliza. Mara moja kwa mwezi huchomwa sindano ya pili ya vitamini, akadhani ndiyo siku yake. Kisha akaenda posta.

Haikufika saa moja mwenye duka akamrudisha amemshika kwapani. Mzee alikuwa ameloa jasho shati zima, anamwita mke wake aliyekufa zamani, anamwambia afunge geti. Imaculata alipoliona lile jasho hakungoja kuambiwa. Alimtoboa kidole, akapima: sukari thelathini na moja, kwa kipimo cha kule ambacho mtu mzima wa afya hapungui sabini. Mtu anakufa kwa sukari kama hiyo. Akapiga kelele iletwe asali, akamlaza mzee kwa ubavu, akampaka asali ndani ya shavu kwa kidole chake mwenyewe, huku Lois anatafuta mshipa wa kutundika dripu ya glukosi. Lois mikono yake ilikuwa mizuri, aliupata mara ya kwanza. Walifanya kazi bega kwa bega bila neno, mpaka mzee akafumbua macho akauliza ni nani amempaka urembo mdomoni.

Wakati wanaingoja ambulensi ya kutoka mbali, ndipo Lois akafungua droo aandike sindano yake. Akaona mstari wa juu. Akasimama pale daftari mkononi, rangi yote imemtoka usoni.

"Uliniambia hajachomwa," alisema.

"Nilikuambia no!"

"Ndiyo! Uliniambia no!"

Wakasimama wanatazamana, kila mmoja anamtupia mwenzake neno lilelile.

Mzee Rodney hakufa. Walimlaza Duluth siku nne, akarudi na fimbo. Daktari Alfred alikuja, akasoma ile mistari miwili ya daftari, akavua miwani, akamwita Imaculata kwenye veranda. Lois, alisema, ndiye nesi pekee kwa maili arobaini. Akiandikwa vibaya, mlango huu unafungwa, na wazee kama Rodney wataendeshwa saa nzima kila siku kwa ajili ya sindano. "Wewe ni kijana, unaondoka Agosti," alisema. "Tuyaache yaishe." Imaculata alifikiri juu ya mlango ule, akafikiri juu ya blanketi, akakubali. Alikubali kutomsema Lois. Hakuna aliyemwambia kwamba Lois hakukubali kutomsema yeye.

Lois aliandika ripoti. Alisema mwanafunzi aliulizwa wazi kama mgonjwa amepata dawa, akajibu kwamba hajapata. Alisema mwanafunzi ana upungufu wa lugha. Daftari halikutajwa hata kwa herufi moja. Daktari Alfred akaweka sahihi chini, nadhani bila kuvaa miwani yake. Kha! Na Imaculata bado alikuwa analala juu ya gereji yake Lois, anaoshewa shuka, anaambiwa kila asubuhi "umelala vizuri, mpenzi?" na mtu ambaye bahasha yake imeshafika Saint Paul.

Siku ya jopo Wanjohi alimpeleka, akabaki nje kwenye gari maana maegesho yale yalikuwa ya dakika chache tu. Chumba kilikuwa ghorofa ya tatu. Mwenyekiti alikuwa Susan, mkufunzi wa uuguzi, mwanamke wa kalamu iliyokaa tayari muda wote. Kushoto kwake alikaa Zachariah wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni, kulia mwalimu mwingine ambaye hakusema kitu mpaka mwisho. Katikati ya meza palikuwa na simu yenye spika, na ndani ya simu alikuwa Lois, yuko kazini kwake Pine Narrows.

Ripoti ilisomwa. Imaculata akaeleza, na akaeleza vizuri, kwa utaratibu, kuanzia daktari mpaka teke la kidevu. Susan akamsikiliza, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Tunakuelewa," alisema. "Lakini suala lililoko mbele yetu ni mawasiliano."

"Suala ni daftari," alisema Imaculata.

"Daftari ni la zahanati. Sisi tunaangalia ulichosema."

"Niliandika! Niliandika saa nzima kabla ya kuulizwa. Nesi hachomi sindano kwa kusikia, mmenifundisha nyinyi wenyewe, kwenye darasa hapo chini. Naomba Lois asome ukurasa wa tarehe kumi na nane. Asome tu."

Susan akasema hakuna haja. Zachariah akajikohoza, akasema kusoma hakuumizi mtu. Ikasikika sauti ya viatu kwenye mbao, droo ikalia, karatasi zikapinduliwa. Lois akasoma. Saa, uniti, Daktari Alfred, na zile herufi mbili.

"Na ukutani hapo ulipo," alisema Imaculata akiinamia simu, "juu ya droo, pameandikwa nini?"

 Lois akasoma na hilo.

"Nani ameandika?"

"Mimi," alisema Lois. "Lakini nilikuuliza, Imaculata. Nilikuuliza, ukasema no. Ningejuaje?"

Ningejuaje! Imaculata alisema kiangazi kizima wamecheza mchezo huo, kwamba Lois aliijua no yake kuliko mama yake mzazi. Simu ikajibu kwamba mchezo ni mchezo na kazi ni kazi, mtu hawezi kukumbuka vichekesho vya jikoni wakati ana wagonjwa. Susan akaandika. Jopo likatoka kwenda kushauriana, likamwacha Imaculata peke yake na simu ile, na hakuna aliyekumbuka kuikata. Aliisikia zahanati ikiendelea na kazi: mtoto anapimwa uzito, maji yanamwagika bombani, na sauti ya mzee inauliza kama posta imefunguliwa. Machozi yalimlenga, akayakatalia.

Walirudi baada ya dakika ishirini. Susan alisoma uamuzi kwa sauti ya mtu anayegawa zawadi. Jopo halimwondoi chuoni. Jopo limeona hakukuwa na nia mbaya. Hata hivyo, katika faili lake itaandikwa kwamba mgonjwa aliumia kwa sababu ya upungufu wa lugha wa mwanafunzi, naye atasoma kozi ya Kiingereza kwa wageni muhula mzima, na hatagusa mgonjwa mpaka aifaulu.

Kozi ya Kiingereza kwa wageni! This is a book, this is a pen! Na faili hilo ndilo litakalomtangulia kila hospitali atakayoomba kazi, hapa na Songea na popote: huyu alimuumiza mzee kwa kutojua kusema.   Hasira ilimjaa mpaka shingoni, ikamsukuma nje ya kile Kiingereza cha mbele ya kioo.

"Basi," alisema Susan, kalamu imekaa tayari juu ya karatasi. "Huna pingamizi?"

"No!" alisema Imaculata.

Susan akatabasamu. Akaandika: hana pingamizi.

"Susan, futa hiyo," ilisema simu. Wote wanne wakaruka. Lois alikuwa kwenye shughuli zake kule, mbali na simu, sauti yake inatoka chumba cha pili, sauti ileile ya kiangazi kizima, ya mtu ambaye hata kichwa hajainua. "Amesema no, anamaanisha analo. Ana pingamizi."

 Kule Pine Narrows kitu kilichokuwa kinaoshwa kiliacha kuoshwa.

  Imaculata alimtazama Susan, akaitazama karatasi ya Susan, akamwacha mama wa watu asome mwenyewe alichoandika. Wamelizungumza neno hilo saa nzima. Hakukuwa na mtoto anayelia, wala ndoana, wala teke. Walikuwa wasomi watatu kwenye viti vya kuzunguka, na bado wamemchoma Rodney sindano ya pili.

Viatu vikasikika tena kwenye mbao, polepole, vikija kwenye simu.

"Nilijua no yake ina maana gani," alisema Lois. Sauti yake ilikuwa imezeeka ghafla. "Nilikuwa na haraka, ningeelewa kama ningesikiliza, na daftari sikulifungua. Andikeni hivyo. Andikeni jina langu." Halafu laini ikakatika.

Zachariah alikuwa wa kwanza kujisogeza. Aliivuta ile karatasi ya uamuzi kutoka mbele ya Susan, taratibu, akachora mstari juu ya maneno ya lugha na mwingine juu ya kozi, akairudisha kwa ajili ya sahihi. Yule mwalimu wa kulia, aliyekuwa kimya tangu asubuhi, akasema, "Weka sahihi, Susan." Susan akaweka.

"Nisomeeni," alisema Imaculata.

"Mambo yamekwisha, unaweza kwenda."

"Nisomeeni yaliyoandikwa. Kila mstari. Sitoki hapa kwa kuambiwa kwa mdomo."

Wakamsomea. Akawasimamisha mahali pawili, wakarekebisha, akaomba nakala, akangoja mashine ipate joto. Hasira ilikuwa haijamtoka hata kidogo, na hakuwa na mpango wa kuitoa. Alimfikiria Lois kule, na ule mlango wa zahanati, na mzee na fimbo yake, akaona uchungu, na uchungu ule nao akaukasirikia, maana kwa nini aubebe yeye?

Alishuka ngazi ghorofa zote tatu kwa miguu. Wanjohi alikuwa amezunguka mtaa mara sita akikwepa faini ya maegesho. Alipomwona akamfungulia mlango kwa ndani, na uso wake ulikuwa umejaa swali tangu mbali.

"Sista, sema haraka. Hawajaku-expel?"

"Ndiyo," alisema Imaculata.

"Asante Yesu," alisema Wanjohi, akawasha gari.